KABATI LA VITABU: Hadithi Zisizohesabiwa

Mwaka huu nimetoa kabatini kitabu cha katuni, na najua baadhi ya wazee watanuna. Ni Star Wars Tales, kilichochapwa na Dark Horse wa Marekani baina ya 1999 na 2005, matoleo 24, kila toleo hadithi fupi fupi za waandishi na wachoraji mbalimbali. Zote zatokana na senema za George Lucas zilizoanza 1977.

Nyingi katika hadithi hizo hazikuhesabiwa kuwa zimetokea kweli huko kwenye ulimwengu wa Star Wars. Basi mwandishi alikuwa huru kama bibi mwenye ngano: leo sungura anashinda, kesho analiwa. Toleo la 9, Darth Vader anapigana na Darth Maul, aliyeuawa katika senema ya 1999. Mapigano matupu, hayakunishika.

Lakini toleo la 19, la 2004! Chombo cha Han Solo na Chewbacca kinaanguka hapa duniani, katika msitu wa Marekani. Wenyeji wanamuua Han kwa mishale. Chewbacca anabaki peke yake, hakuna tena wa kuielewa lugha yake, na watu wanamfanya zimwi la msituni. Miaka mingi baadaye Indiana Jones anakuja kulitafuta zimwi hilo, anaikuta mifupa ya Han, na anahisi kama anaijua. (Wote wawili katika senema ni Harrison Ford.)

Vijana wetu hucheka hapo. Mimi nimezirudia kurasa za Chewbacca mara tatu. Atakaye kuazima na aje, ila akirejeshe.