Kabla hujanunua tasbihi ya kubonyeza, tazama mfuniko wa betri



 Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya kuhara, malaria na usafi wa vyoo. Leo nakuomba utazame kabatini, juu ya friji na kwenye dirisha la chumba cha watoto, uhesabu vifaa vidogo vinavyotumia betri ya saa, ile ya duara inayong'aa kama sarafu. Nina sababu ya kukuomba hivyo, na sababu yenyewe inaniuma.

Miaka michache iliyopita nilipokuwa zamu, mama mmoja aliletwa na mtumbwi kutoka kijiji kimoja cha delta akiwa na mtoto wa miaka miwili. Alinieleza kuwa tangu juzi usiku mtoto hataki kula, anatokwa na udenda na anakohoa. Nilimtazama koo nikaona wekundu kidogo. Nikaandika dawa ya maji ya koo, nikamwambia mama arudi nyumbani.

Siku ya tatu walirudi. Mtoto alikuwa anatapika matapishi yenye michirizi ya damu. Picha ya eksirei ilionyesha kitu cha duara kimekwama kwenye njia ya chakula, kifuani juu. Mwenzangu akasema, "Amemeza sarafu." Tulipoitazama vizuri tukaona duara mbili, moja ndani ya nyingine. Sarafu haina duara mbili. Ndipo mama akakumbuka tasbihi ya kubonyeza ambayo mjomba wa mtoto aliwaletea kama zawadi aliporudi Umra. Ilikuwa imeacha kuhesabu, mfuniko wake ulipotea zamani, na watoto walikuwa wanaichezea.

Mtoto alipelekwa Dar es Salaam, betri ikatolewa. Alhamdulillah yu hai. Lakini njia yake ya chakula iliota kovu na kuwa nyembamba, akawa anarudishwa hospitali mara kwa mara ili ipanuliwe, na kwa muda mrefu chakula chake kilikuwa uji tu. Kosa la siku ile ya kwanza ni langu. Sikumuuliza mama yule swali moja: "Je, kuna kitu chenye betri kilichopotea au kuharibika nyumbani?"

BETRI INAVYOUNGUZA

Wengi wanadhani hatari ya betri ni kuvuja dawa yake. Sivyo. Betri ya saa ikikwama mahali penye majimaji, umeme wake hupita kwenye nyama ya mwili na kutengeneza hapo hapo kemikali kali inayounguza kama magadi ya kutengenezea sabuni. Kuungua kwenyewe huanza upande ule mdogo usio na alama ya kujumlisha. Ndani ya saa mbili tu jeraha kubwa linaweza kuwa limeshatokea. Likiendelea, hutoboa njia ya chakula, huingia kwenye njia ya hewa, na linaweza kufika kwenye mshipa mkubwa wa damu ulio jirani. Hata betri ikishatolewa, jeraha linaweza kuendelea kuchimba kwa siku kadhaa.

Iliyo mbaya zaidi ni ile iliyoandikwa CR2032 au namba zinazofanana nayo. Ina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, na upana huo ndio unaoifanya ikwame kwa mtoto mdogo. Usidanganyike kuwa betri imekufa. Betri isiyoweza tena kuwasha kitochi bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Na hata zile ndogo zaidi mtoto akizisukuma puani au sikioni huunguza huko huko, na zinaweza kutoboa ukuta wa pua.

Kama una shaka, chukua betri mpya ya aina hiyo, iweke kati ya vipande viwili vya nyama ya kuku, uvitazame baada ya saa mbili. Utaona nyama imeungua na kubadilika rangi. Kisha itupe nyama hiyo, asiile mtu wala paka. Walimu wa madrasa, jaribio hili dogo lioneshwe kwa wazazi siku ya mkutano.

ZIMEINGIA KWA MLANGO WA KHERI

Ndugu msomaji, mimi si adui wa vifaa. Taa ya sola imewaondolea watoto wetu moshi wa kibatari, na mafuta ya taa ambayo wengine waliyanywa wakidhani ni maji. Simu imeokoa wajawazito wengi waliohitaji boti usiku. Vifaa ni neema.

Lakini hesabu nami: tasbihi ya kubonyeza, rimoti ndogo ya redio au feni, kitochi cha funguo, kikokotoo, mizani ya jikoni, kipima joto, kadi ya Idd inayoimba, viatu vya mtoto vinavyowaka taa, mwanasesere anayetoa sauti. Vingi kati ya hivi tunavinunua Kariakoo kwa bei rahisi au tunaletewa na mahujaji, na tunavipokea kwa furaha kwa sababu vina sura ya ibada au ya elimu. Hakuna anayegeuza nyuma kutazama mfuniko.

Maoni yangu ni haya: kifaa cha betri ya saa ambacho mfuniko wake hauna skrubu hakifai kuingia katika nyumba yenye mtoto mdogo, hata kama kina kazi ya kumkumbusha mtu Mola wake. Mtoto ni amana. Dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kudhuru wengine. Na kuhusu tasbihi, Mtume wetu (s.a.w.) alihesabu kwa vidole vyake. Vidole havina betri.

WENZETU WAMESHATUNGA SHERIA

Huko Marekani, mwaka 2020, mtoto wa kike aitwaye Reese Hamsmith, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alifariki baada ya kumeza betri ya rimoti. Mama yake alipigania jambo hilo mpaka mwaka 2022 ikapitishwa sheria yenye jina la mtoto huyo, inayotaka sehemu ya betri ifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuifungua. Australia nayo ilianza kutumia masharti ya lazima mwaka huo huo wa 2022. Kwa nini kifaa ambacho hakikubaliki katika duka la huko kipangwe chini kwenye turubai kwetu, pembeni ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa? Wenye dhamana ya viwango na biashara walitazame hili. Na wewe mfanyabiashara Muislamu, kumbuka kuwa kuficha aibu ya bidhaa ni katika udanganyifu tuliokatazwa.

SISI WA DELTA TUNA SAA MBILI ZIPI?

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kukimbilia hospitali kubwa kwa bajaji. Mtu wa Msala au Kiongoroni hana njia hiyo. Maji yakiwa yamekupwa, boti haipiti kwenye vijito vya mikoko, unasubiri yajae. Ukifika Nyamisati bado kuna barabara mpaka Bungu, ndipo ushike barabara kuu ya Kilwa kuelekea Dar es Salaam, kwenye madaktari wenye vifaa vya kuitoa betri kooni. Saa mbili zinakwisha kabla hujaiona lami. Ndiyo maana kwetu kinga ni jambo la lazima kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

UKISHUKU MTOTO AMEMEZA

Safari ianze mara moja. Usisubiri dalili, kwani mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Usimtapishe. Usimpe mkate, ugali wala maziwa eti "viisukume".

Jambo moja linaweza kusaidia mkiwa njiani: asali. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanyama, wakilinganisha vinywaji mbalimbali, na asali ikawa miongoni mwa vilivyopunguza sana kuungua. Sisi tunaoisoma Suratun-Nahl tusishangae. Kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani inaweza kumletea sumu ya kulegeza misuli. Anayetapika damu au asiyeweza kumeza naye asipewe. Na elewa vizuri: asali haiitoi betri. Inapunguza madhara tu wakati boti inakwenda. Usichelewe hata dakika moja kwenda kuitafuta kwa jirani.

Betri ikiwa puani au sikioni, usitie mafuta, maji wala asali. Mpeleke hospitali vivyo hivyo.

Ukifika, usiseme tu "mtoto anaumwa koo". Sema wazi: "Nashuku amemeza betri," na uchukue kifaa chenyewe au betri inayofanana nayo. Sisi watabibu tunaweza kukosea kama nilivyokosea mimi. Neno lako linaweza kutuzuia tusikosee.

KAZI YA LEO KABLA YA MAGHRIBI

Kusanya vifaa vyote vyenye betri ya saa. Kisichokuwa na skrubu, toa betri yake au kitie pahali pa juu penye kufuli. Kilichopoteza mfuniko kisibaki nyumbani. Betri iliyotolewa izungushie gundi ya karatasi pande zote mbili, uiweke kwenye kopo lililofungwa mbali na watoto. Usiitupe uani, usiichome moto na takataka, wala usiitupe mtoni tunakovua kamba na kaa. Unapokuwa sokoni, geuza kifaa nyuma kabla hujauliza bei.

Mama yule wa delta huwa ananipigia simu kila Ramadhani kunijulisha hali ya mwanawe. Mwaka huu aliniambia mtoto amekula futari ya muhogo na kumeza bila shida. Nilishukuru, nikakaa kitako kwa muda. Sitaki nipokee simu kama hiyo kutoka nyumba nyingine.