Barua ya wazi kwa Waziri wa Jimbo la Maniema anayehusika na Uvuvi: undugu wa samaki wetu ujulikane kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Kila inapozungumzwa njaa huku kwetu Kasongo na Kabambare, jibu huja upesi: tuchimbe mabwawa, tulete vifaranga vya tilapia wa Nile. Mabwawa ninayaunga mkono kwa moyo wote. Ninachokuomba uzuie ni vifaranga hivyo.

Mto Lualaba una tilapia wake wa asili, kuanzia maziwa ya Upemba na kuteremka na mto. Wataalamu humwita Oreochromis upembae. Yeye na yule wa Nile ni jamaa wa karibu. Majike yao yote hulea mayai kinywani. Tilapia wa ukoo huu wakikutana huzaana, na mara nyingi watoto wao huzaa pia. Mvua kubwa zikija na mto Luama ukafurika, tuta la bwawa halimzuii samaki. Akishaingia mtoni na kuchanganya damu, hakuna wavu wa kumtenga tena.

Ziwa Victoria limekwisha kutuonyesha. Tilapia wa Nile alipandikizwa humo miaka ya 1950, na ngege, tilapia wa asili aliyekuwa kitoweo kikuu cha watu wa ziwa hilo, karibu atoweke kabisa. Sangara na uvuvi wa kupita kiasi vilichangia, ni kweli. Lakini hata katika baadhi ya viziwa vya pembeni alikojificha ngege, uchunguzi wa vinasaba umekuta damu ya hao wawili imechanganyika.

Sisemi kila mgeni ni balaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dagaa waitwao lumbu wa Ziwa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kivu, na leo watu wa Bukavu na Goma wanawala kwa jina la sambaza. Ila Kivu halikuwa na samaki yeyote wa ukoo wao wa kuzaana naye. Kwetu jamaa wapo.

Tena huenda tuna utajiri wa samaki zaidi ya hao. Mto Lukuga huleta maji ya Tanganyika ndani ya Lualaba kabla mto haujafika Kasongo, na mwaka 2011 wataalamu walieleza samaki wa ziwa hilo wanaoishi katika maporomoko ya Lukuga. Ziwani kwenyewe kuna aina 240 hivi za sikilidi, ukoo mkubwa ambao tilapia naye ni wake, na mwaka 2021 ilichapishwa nasaba yao iliyosomwa kutoka kwenye vinasaba. Lililowezekana ziwani linawezekana mtoni.

Ili kusoma vinasaba vya kila samaki, kipande kidogo cha pezi kilichohifadhiwa katika alkoholi kinatosha. Uvira wana Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Kisangani wana wataalamu wa bioanuwai. Waalike wachukue sampuli Lualaba pale Kasongo na Luama huku Kabambare, wakiongozwa na wavuvi wetu. Kwa sasa mabwawa yajazwe tilapia waliovuliwa katika mto huu huu, na kibali cha vifaranga vya Nile usikitie sahihi kabla majibu hayajarudi.

Mwananchi wa Kasongo