Stara si kufuli: binti mwenye ulemavu na safari ya chuo



Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, nyumba nyingi hapa kwetu hufurahi siku mbili tatu, halafu maneno yanaanza. Binti akiwa mzima wa viungo, suala ni chuo gani. Akiwa haoni, hasikii au anatembea kwa magongo, suala linageuka: kwani lazima aende? Nani atamwangalia huko? Si bora tumtafutie mume mwema amstiri?

Sisi ni wanawake wa cherehani, si walimu wala mashekhe. Lakini tunashona nguo za bi harusi, na watu wakisimama kupimwa huzungumza mengi. Tumechoka kuisikia stara ikifanywa kufuli la kumfungia mtoto ndani.

Dini yetu haikusema hivyo. Sura Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kutaka kufundishwa. Baadaye alikuwa muadhini, na Mtume akitoka safari alimwachia Madina zaidi ya mara moja. Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka, alikuwa kiwete na mwishowe akapofuka, na mahujaji walielekezwa kwake kutaka fatwa. Hao hawakuambiwa wakae ndani wastiriwe.

Hata hivyo hatuko pamoja na wale wanaosema "mpelekeni tu, Mungu atasaidia". Mungu anasaidia, na ngamia anafungwa pia.

Tunamjua binti mmoja anayetumia kigari cha magurudumu. Alifaulu vizuri akapata nafasi chuo cha bara. Nyumbani wakanunua mabegi, wakashona madira sita, wakasoma dua. Hakuna aliyepiga simu kuuliza dakhalia iko ghorofa ya ngapi. Ilikuwa ya pili, na lifti hakuna. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba, kigari hakipiti. Binti akawa hanywi maji asubuhi ili asihitaji kwenda chooni mpaka jioni. Darasa moja lilikuwa juu pia, na waliokuwa wakimpandisha ni vijana wa kiume, kila siku, mikono yao mwilini mwake. Ile stara iliyozungumzwa sana nyumbani, hapo ilikuwa wapi? Muhula wa kwanza haukwisha, akarudi. Mtaani wakasema ulemavu umemshinda. Sisi tunasema ngazi ndizo zilizomshinda, na habari ya ngazi ingejulikana kwa simu moja.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kukata. Chukueni futi ya kushonea, mpime upana wa kigari, kisha mwende chuoni mkapime milango. Mkishindwa kwenda, mwombeni mtu aliye huko awapigie picha: chumba cha kulala, choo, pa kutilia udhu, sehemu ya wanawake msikitini, njia ya kutoka dakhalia mpaka darasani, kituo cha daladala. Ndugu zetu wa Pemba waongeze na safari ya boti, maana binti ataipanda kila likizo na mizigo yake. Fanyeni haya kabla ya kujaza maombi, si baada ya kupata nafasi, kwa sababu ukishachaguliwa unaona haya kukataa.

Jambo jingine linalowapiga chenga wazazi wengi ni mitihani. Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine. Mtoto anazoea, anadhani chuoni itakuwa vilevile. Chuo kinatunga na kusimamia mitihani yake chenyewe, hivyo muda wa nyongeza, karatasi ya nukta nundu au ya maandishi makubwa inabidi kuombwa mapema, kwa barua, na cheti cha daktari kiambatishwe. Kiziwi aulizie mkalimani wa lugha ya alama: yupo? Analipwa na nani? Majibu ya mdomo hayatoshi, yaandikwe. Vyuo vingine vina kitengo maalumu cha kazi hii, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapo angalau unajua mlango wa kugonga.

Asiyeona ajifunze kompyuta tangu yuko Kidato cha Tatu. Ipo programu inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, inaitwa NVDA, na ni ya bure. Wiki ya kwanza ya chuo si wakati wa kuanza kutafuta vidole kwenye kibodi. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ) na Jumuiya ya Wasioona (ZANAB) wapo hapa hapa, kawaulizeni. Wala msiende kinyonge kama waomba sadaka. Zanzibar imekuwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006.

Sasa pesa. Tunajua mkopo wa bodi unaweza kuchelewa, na kigari kikipasuka tairi hakisubiri mkopo. Lakini tunajua pia, maana sisi ndio tunaozishona, kwamba familia hiyohiyo hutoa sare tatu za harusi moja bila kulalamika. (Tunapoteza biashara kwa kusema haya, na iwe.) Sare moja ikipungua, kompyuta inapatikana.

Na wewe bi harusi mwenye ulemavu uliyeposwa huku barua ya chuo iko mkobani: mahari ni yako, si ya baba wala ya shangazi. Hakuna kinachokuzuia kutaka kompyuta badala ya seti ya kitanda. Kuhusu kuendelea na masomo, usiridhike na "tutaona huko mbele". Liseme siku ya posa, mbele ya walii wako, liandikwe, na umuulize kadhi sharti kama hilo lina uzito gani. Muulize kabla ya siku ya kuozwa. Akikunja uso kwa sababu ya swali hilo tu, nguo yako bado iko kwetu haijakatwa, na amana ya kitambaa tutakurudishia.