Kati ya "Kaza" na "Pumzika"

Kiswahili cha mazoezi kina maneno mawili tu kwa mtu aliyeumia. La kwanza ni "kaza". Utalisikia jimu, utalisikia kwenye klabu za jogging alfajiri ya Jumapili, utalikuta limechapwa mgongoni mwa fulana na chini ya picha za watu wanaochuruzika jasho. La pili ni "pumzika". Hili ni la zahanati, la shangazi, la bosi, la kila mtu anayekutakia mema lakini hana muda wa kukusikiliza. Nimeishi na nyonga mbovu kwa miezi 14 sasa, na maneno hayo mawili nimeambiwa mara nyingi kuliko pole. Ninachodai ni kwamba yote mawili ni uvivu. Anayekuambia kaza hataki kujua umeumia nini. Anayekuambia pumzika hataki kujua utaishije.

Nianze na la pili, maana linavaa koti jeupe, na koti jeupe ni gumu kubishana nalo.

Nyonga yangu ya kulia inauma kwa nje, pale kwenye mfupa unaoupapasa ukishusha kiganja kidogo chini ya kiuno. Siwezi kuilalia. Nikisimama kwa mguu mmoja kuvaa suruali, ni kama mtu ananichokonoa kwa bisibisi. Hospitali ya kwanza niliandikiwa vidonge vya diklofenaki na wiki 6 za kupumzika. Hospitali ya pili, vidonge vilevile, na sindano ikatajwa kuwa ndiyo hatua itakayofuata. Katika hao madaktari wawili hakuna aliyenigusa mguu. Hakuna aliyeniambia, "Hebu simama kwa mguu huo sekunde 30 tuone," kipimo ambacho hakihitaji umeme, mashine wala bima.

Wiki 6 ni rahisi kuandika. Baba yangu alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 53. Mama anameza dawa za presha na za sukari, asubuhi na jioni. Mimi nina miaka 36, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti, na presha yangu ilikuwa imeshaanza kupanda kabla sijaanza kukimbia. Kwa hiyo mtu akiniona nahangaika na mazoezi huku nachechemea, asidhani nafukuzia umbo la kupigia picha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na mwongozo huo unawahusu hata wenye maradhi ya kudumu na wenye ulemavu. Daktari anayeniambia nikae wiki 6, bila kunipa kitu cha kufanya badala yake, anaitibu nyonga kwa kukopa kutoka kwenye moyo wangu. Nani atalipa?

Na nyonga yenyewe wala haifaidiki na mkopo huo. Kinachouma upande wa nje wa nyonga, mara nyingi, ni kano: zile kamba ngumu zinazoishikiza misuli ya kalio kwenye fupa la paja. Kano isiyobeba mzigo hudhoofika. Ukiipumzisha miezi 2 kisha ukairudisha kwenye mbio zilezile, unairudisha ikiwa na uwezo mdogo kuliko siku ulipoisimamisha. Ndiyo maana kuna watu wamepumzika mara 4 kwa jeraha moja.

Mwaka 2018 jarida la tiba la BMJ lilichapisha jaribio lililofanyika Australia kwa watu 204 wenye maumivu ya aina hii. Kundi moja lilifundishwa namna ya kuitunza nyonga na likapewa mazoezi ya kuiimarisha. La pili lilichomwa sindano ya steroidi. La tatu liliachwa lisubiri. Baada ya wiki 8, waliosema wamepata nafuu ya kweli walikuwa takriban asilimia 77 katika kundi la mazoezi, 58 kwa waliochomwa sindano na 29 kwa waliosubiri. Baada ya mwaka mmoja kundi la mazoezi lilikuwa bado liko mbele kwa kipimo hicho, na waliochomwa sindano hawakuwa wameachana sana na wale ambao hawakufanyiwa chochote. Rudia kusoma hapo. Sindano ile iliyokuwa inaningoja kama zawadi ya uvumilivu wangu, mwaka ukiisha ingekuwa karibu sawa na kusubiri.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Unalala chali, unakunja magoti, unainua makalio, unashusha polepole. Unapanda ngazi moja na kushuka. Unasimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta. Kila baada ya wiki mbili unaongeza uzito kidogo: leo mikono mitupu, baadaye dumu la maji la lita 5, baadaye la 10. Kuna na mambo ya kuacha: kusimama ukiwa umeegemea nyonga moja, kukaa ukiwa umekunja nne, kulala ubavu bila mto katikati ya magoti. Haya niliyapata kwa mtaalamu wa fiziotherapia niliyemtafuta mwenyewe na kumlipa kwa fedha yangu, kwa sababu bima ya kazini ilikuwa tayari kunilipia vidonge hadi nizeeke, lakini saa moja ya mtu anayejua misuli iliiita huduma ya ziada. (Diklofenaki ikimezwa kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Figo zangu nazo sijui ni huduma ya aina gani.)

Sasa wale wa kaza.

Hawa nawapenda, na hilo linafanya ugomvi uwe mgumu. Klabu za jogging ni kati ya mambo mazuri yaliyowahi kuota Dar es Salaam bila mradi wala mfadhili. Watu wanaamka saa 11 alfajiri, wanakimbia wakiimba, wanakunywa supu pamoja, wanachangiana harusi na wanazikana. Nimepata humo marafiki ambao ofisi isingenipa. Tatizo ni kwamba ndani ya klabu hizi maumivu yamefanywa kipimo cha tabia. Asiyeumwa hajajituma, anayeumwa akasema, ni mlegevu, anayeumwa akanyamaza ndiye shujaa. Nani atabaki mkweli kwenye mizani kama hiyo?

Nyonga haisikii kauli mbiu. Mtu wa kilo 70 akitembea tu, kila hatua huibebesha nyonga yake mzigo wa kama mara mbili na nusu ya uzito wake, na akikimbia mzigo hufika mara nne au zaidi. Hebu fikiria karibu magunia mawili ya mahindi kwa hatua ya kutembea, na karibu matatu kwa hatua ya kukimbia, halafu hesabu hatua za kilomita 10. Kiungo kizima hubeba hayo yote bila malalamiko, na ni maajabu. Kiungo kilichoumia kinahitaji mtu wa kuuliza ni sehemu ipi imeumia, maana "nyonga inauma" ni sentensi yenye magonjwa mengi ndani yake.

Wapo ambao kwao neno kaza ni hatari kabisa. Mkimbiaji aliyeongeza kilomita kwa pupa, akaanza kuumwa kinena kila anapokanyaga, huenda ana ufa kwenye shingo ya fupa la paja. Ufa huo ukiendelea kukimbiliwa unaweza kukamilika ukawa mvunjiko, na hapo tunazungumzia upasuaji. Huyo anatakiwa asimame leo, apimwe, atumie magongo. Mwingine ana selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Selimundu inaweza kukata damu isifike kwenye kichwa cha fupa la paja, mfupa ukafa taratibu kwa ndani kijana akiwa bado na miaka 20 na kitu. Simama mbele ya huyo umwambie maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini.

Lakini utamjuaje, kama hasemi? Hapa lugha yetu yenyewe ina kesi ya kujibu. Nyonga kwa Kiswahili haikai kimya kama goti. Mwanamke akisema nyonga inauma, utani unafika kabla ya pole, na unajua ni utani wa aina gani. Mwanamume akisema kinena kinauma, anaambiwa ni ngiri, au nguvu zimeanza kuisha, na kabla ya saa sita mchana ameshauziwa chupa ya dawa ya mizizi kituo cha daladala. Nimewaona wanaume kwenye klabu yetu wakishika mgongo kwa mkono huku wanaburuta mguu, kwa sababu mgongo ni kiungo chenye heshima. Ukikosa mahali pa kusemea maumivu, kukaza ndiyo njia iliyobaki, kisha tunaita hiyo roho ya kupambana.

Kila mara ninapobishana juu ya hili, kuna mtu ananitumia video ya Andy Murray. Mcheza tenisi, bingwa wa Wimbledon mara mbili, Januari 2019 alilia mbele ya waandishi wa habari mjini Melbourne kwa maumivu ya nyonga, na Oktoba mwaka huohuo akachukua kombe Antwerp. "Umeona? Alikaza." Hapana, bwana. Alikuwa amekaza kwa miaka, na kukaza ndiko kulikomfikisha kwenye yale machozi. Katikati ya Januari na Oktoba alilala kwenye meza ya upasuaji London, akafunikwa kichwa cha fupa la paja kwa chuma, kisha akarudishwa uwanjani hatua kwa hatua na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu. Alianza na mechi za wawili wawili kabla ya kurudi kucheza peke yake. Video inakata sehemu hiyo kwa sababu haina muziki mzuri.

Neno la tatu tunalo, na tunalitumia kila siku kwenye mambo mengine. Ni dozi. Mtu mzima akikutwa na malaria haambiwi akaze wala apumzike basi. Anapewa mseto: vidonge 4, mara 2 kwa siku, siku 3. Hata bibi asiyejua kusoma atakuuliza umemaliza dozi. Mbona zoezi, ambalo ni dawa ya nyonga hii, linatolewa bila idadi? Dozi yangu kwa sasa ni kuinua makalio mara 10, seti 3, siku moja baada ya siku moja. Kutembea kwa kasi dakika 25. Kukimbia dakika 1 na kutembea 2, mara 6. Maumivu nayapa alama kutoka 0 hadi 10. Yakikaa chini ya 4 na yakawa yametulia kesho yake asubuhi, nabaki hapo au naongeza kidogo. Yakiamka nami, napunguza. Sihitaji ushujaa kwa hilo. Nahitaji daftari.

Najua utakachosema: dozi ni ya wenye nafasi. Ni kweli kiasi. Makala za Ulaya hutuambia tuogelee, kana kwamba kila mtaa una bwawa. Dar es Salaam bahari ipo, bwawa liko hotelini na kiingilio chake ni chakula cha siku mbili. Barabara nyingi tunazokimbilia zimeinama pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine kilomita nzima. Ilipo njia ya waenda kwa miguu, juu yake pana bodaboda na meza ya mitumba. Daladala ya jioni unasimama saa nzima umeninginia kwenye nyonga moja, yaani zoezi lile hasa nililokatazwa, na ukiomba kiti konda anakuuliza una mimba? Siku mbaya nilitembea na mkongojo, nikiushika mkono wa kushoto kwa kuwa nyonga mbovu ni ya kulia, ndivyo unavyopunguza mzigo, na mtaani kila mtu akanishauri niuhamishie upande unaouma.

Hayo yote yapo. Ila kuinua makalio kwenye mkeka hakuna kiingilio, na ngazi moja ya mlangoni inatosha. Kilichoadimika ni mtu wa kukuambia mara ngapi. Chuo cha KCMC pale Moshi kimefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miaka mingi, watu wapo, hata kama ni wachache. Tunawatumia kama kituo cha mwisho, baada ya vidonge, sindano na mganga, wakati walistahili kuwa mlango wa kwanza.

Kwenye klabu yetu nimepeleka ombi mara tatu. Kundi la mwendo wa haraka, dakika 40, lianze saa moja na wakimbiaji, limalize nao, livae fulana ileile, lisiitwe la wagonjwa. Mara ya kwanza nilijibiwa kwa kicheko. Mara ya pili mwenyekiti aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hii ni klabu ya kukimbia, dada yangu, kutembea hata sokoni tunatembea. Usiku ule watu 11 walinitumia ujumbe pembeni, mmoja mmoja, kila mtu na kiungo chake: goti, kisigino, mgongo, na wanaume wawili kinena. Mara ya tatu nilipeleka ombi likiwa na majina 12, langu likiwa la mwisho. Katibu amesema litajadiliwa kikao cha mwezi ujao.