Kukata kona si kufulia

Katika mazungumzo ya muziki wa Bongo kuna neno moja linalotoa hukumu kabla ushahidi haujasikilizwa: kufulia. Msanii akikaa mwaka mzima bila wimbo mpya redioni, amefulia. Akionekana studio akitengeneza biti za wenzake badala ya kuimba, amefulia. Akiandika muziki wa tamthilia au wa tangazo la sabuni, hapo ndipo huonewa huruma kabisa. Ndani ya neno hilo mna dhana kwamba maisha ya mwanamuziki ni ngazi, ama unapanda ama unashuka, na asiyeonekana ngazini basi ameanguka. Dhana hiyo si ya kweli, na inawaumiza zaidi wasanii wasio na lebo ya kuwabeba. Kwa msanii huru, njia yenye kona nyingi ndiyo njia yenyewe. Tusihesabu kona alizokata. Tuulize kila alipokata kona alikuwa na nini mkononi kilicho chake.

Chukua mfano wa Imogen Heap, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1977, anayetunga, kuimba na kutengeneza nyimbo zake mwenyewe. Albamu yake ya kwanza, iMegaphone, ilitoka mwaka 1998 kupitia lebo ya Almo Sounds. Haukupita muda mrefu lebo ikauzwa, naye akajikuta hana mkataba. Akaungana na prodyuza Guy Sigsworth, wakaunda kundi la watu wawili lililoitwa Frou Frou na kutoa albamu ya Details mwaka 2002. Albamu ilipata sifa kuliko wanunuzi, na kundi likavunjika. Kwa kipimo chetu, mwanamke huyu alikuwa amekwisha kufulia mara mbili kabla ya kutimiza miaka 30. Lakini mwaka 2004 wimbo wa kundi hilo, Let Go, ukawekwa kwenye filamu ya Kimarekani ya Garden State, na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Frou Frou wakaanza kuitafuta albamu iliyodhaniwa imezikwa. Kazi iliyokamilika haifi kwa sababu tu haikuvuma wiki ilipotoka.

Wakati huo mwenyewe alikuwa ameshachukua uamuzi mzito zaidi. Badala ya kuzunguka tena kwenye milango ya lebo, aliweka nyumba yake rehani ili agharimie albamu mpya, Speak for Yourself, iliyotoka mwaka 2005 chini ya lebo yake ndogo, Megaphonic. Alitunga, akaimba, akatengeneza na kuchanganya sauti mwenyewe. Wimbo uliomtangaza kuliko mwingine wowote katika albamu hiyo, Hide and Seek, ulizaliwa usiku ambao kompyuta yake ilimharibikia studio. Hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu, akachukua kifaa kimoja kilichokuwa rafuni, kile kinachoipokea sauti ya mwimbaji na kuizalisha kuwa sauti kadhaa kwa kufuata nota anazobonyeza kwenye kinanda. Akaimba huku akibonyeza. Wimbo uliotokea hauna ngoma, hauna gitaa wala besi. Ni mtu mmoja aliyegeuka kwaya. Tukio hilo dogo linabeba hoja kubwa. Mwimbaji anayelipia studio kwa saa, kompyuta ikizima, anaambiwa arudi kesho. Aliyekuwa na ujuzi na vifaa vyake mwenyewe aliigeuza hitilafu kuwa mtindo.

Tazama kilichofuata. Mwaka huohuo wa 2005 wimbo ule ukatumika katika tamthilia ya Marekani, The O.C. Mwaka 2009 Jason Derulo akachukua kipande chake na kukijengea Whatcha Say, wimbo uliofika nambari 1 katika chati ya Billboard Hot 100, jina la Heap likiwa miongoni mwa watunzi. Albamu yake ya Ellipse ya mwaka 2009 ilimpa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na hapa pana jambo la kuzingatia: tuzo ile haikuwa ya uimbaji, ilikuwa ya uhandisi wa sauti. Mwaka 2014 alishirikiana na Taylor Swift kutunga na kutengeneza Clean, wimbo unaofunga albamu ya Swift iitwayo 1989. Mwaka 2016 muziki wake ukasikika jukwaani London katika mchezo wa Harry Potter and the Cursed Child. Katikati ya yote hayo akawa anabuni na wenzake glavu za kielektroniki zinazomwezesha mwanamuziki kuongoza sauti kwa mikono akiwa jukwaani. Asiyefuatilia angedhani ni watu watano tofauti. Kumbe ni fundi yuleyule, na karibu kila kona mpya imetokana na kitu alichokishika katika kona iliyotangulia: utunzi wake, ujuzi wake wa mitambo, na jina lake kwenye karatasi.

Upo upinzani wa haki unaoweza kuletwa hapa. Wa kwanza ni kwamba huyo alikuwa na nyumba ya kuweka rehani, tena alisoma BRIT School, shule ya sanaa ya London inayogharimiwa na serikali. Kijana wa Mbagala au Kisauni ataweka rehani nini? Ni kweli, na yeyote anayemwambia msanii wetu akope kwa dhamana ya kiwanja cha familia ili atoe albamu anampotosha. Lakini rehani ilinunua muda tu. Kilichozaa matunda kwa miaka mingi baadaye ni umiliki, na umiliki wa utunzi hauhitaji nyumba. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapokuwa kazi, na inatenganisha haki ya aliyetunga na haki za aliyeimba na aliyerekodi. Tatizo letu ni kwamba watu watatu hutoka studio alfajiri na wimbo mmoja, wakaachana bila kuandika nani ana fungu gani. Karatasi na kalamu haviwezi kuitwa anasa ya Ulaya.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa uchungu juu ya jambo hili. Malaika, wimbo uliotangazwa na Fadhili William wa Kenya, umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M., umevuka kila mpaka ambao wimbo wa Kiswahili unaweza kuvuka. Hata hivyo, mabishano juu ya nani hasa aliutunga yalimwandama Fadhili maisha yake yote na hayakuzikwa naye mwaka 2001. Ukiuweka wimbo huo kando ya Hide and Seek, tofauti haiko katika uzuri wala katika umbali uliosafiri. Mmoja ulisafiri na hati yake. Mwingine ulisafiri na wasifu wa mdomo.

Upinzani wa pili unatoka kwa mafundi wenyewe: kila mtu abaki na kazi yake, mwimbaji aimbe na prodyuza atengeneze, maana anayeshika kila kitu huharibu vyote. Hoja hii ina uzito. Heap mwenyewe alijifunza mengi kwa kufanya kazi na Sigsworth, na muziki wetu mwingi bora umetokana na kukutana kwa watu wawili wenye vipaji tofauti. Sisemi mwimbaji amfukuze prodyuza. Nasema aijue kazi inayofanyika upande wa pili wa kioo, walau kiasi cha kurekodi wazo lake mwenyewe na kujua anacholipia. Prodyuza naye ajue kwamba lile jina lake linalotamkwa kwa sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo, kama haliko kwenye makubaliano, ni salamu tu. Wahenga waliposema mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakukataza ushirika. Walionya juu ya kuingia ushirikani bila chako.

Wa tatu watasema lebo ndizo zilizowatoa mastaa tunaowajua, kwa hiyo uhuru ni jina la heshima la kukosa bahati. Sikatai kwamba lebo yenye mtaji inaweza kufanya kwa miezi 6 kile ambacho msanii huru hukifanya kwa miaka 6. Pia uhuru una hasara zake: mwaka 2015 Heap alitoa wimbo wa Tiny Human kwa teknolojia ya blokcheni, akilenga malipo yagawanywe papo hapo kwa wote waliohusika, na mauzo yake yalikuwa haba. Ila pima hasara hizo mbili. Jaribio lililofeli lilimwacha na wimbo wake na akili ya kujaribu tena. Almo Sounds ilipouzwa, aliyepoteza mwelekeo wa kazi yake ni msanii, kwa uamuzi ambao hakuketi mezani ulipofanywa. Lebo ni gari zuri la kupanda, mradi ujue kituo cha kushuka na uwe na nauli ya kuendelea.

Kwa hiyo tuanze na jambo dogo lisilohitaji bajeti. Mtangazaji anapotaja wimbo, ataje mwimbaji, mtunzi na prodyuza. Magazeti ya burudani nayo yaandike hivyohivyo. Msikilizaji akishazoea kusikia majina matatu, siku mwimbaji atakapoonekana kwenye nafasi ya pili au ya tatu hatauliza amepotelea wapi, kwa sababu atakuwa amemsikia asubuhi hiyohiyo, katika wimbo wa mtu mwingine.