Sanduku Lilikaguliwa, Mtu Hakuulizwa

Huko Marekani abiria anaruhusiwa kusafiri kwa ndege na bunduki au bastola yake. Wengi wetu tukisikia hivyo tunashtuka, lakini sheria yenyewe si ya ovyo. Silaha haiingii katika chumba cha abiria. Inatolewa risasi, inafungiwa katika sanduku gumu lenye kufuli, na mwenyewe anaitangaza kwenye kaunta ya shirika la ndege anapokabidhi mizigo. Mwindaji anayekwenda porini na mlenga shabaha anayekwenda mashindanoni husafiri hivyo, wala hatuna sababu ya kuwashuku.

Tena afadhali hao. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya nchi hiyo walinasa silaha 6,737 kwa abiria waliokuwa wakielekea kupanda ndege, na takriban 93 katika kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Wakiulizwa, wengi hujibu kwamba walisahau. Mtu husahau mwavuli, ndugu zangu. Anayesahau bastola yenye risasi ameizoea kupita kiasi.

Lakini anayetangaza silaha yake naye anatupa swali, na swali hilo lina tarehe. Tarehe 6 Januari 2017 Esteban Santiago, aliyewahi kuwa askari nchini Iraq, alitua Fort Lauderdale, Florida, akitokea Anchorage, Alaska, kupitia Minneapolis. Mzigo pekee aliokabidhi ulikuwa sanduku la bastola. Alikuwa ameitangaza kama sheria inavyotaka. Alipofika alilipokea sanduku, akaingia chooni, akaijaza bastola risasi, akatoka na kuwafyatulia watu waliokuwa wakingoja mizigo yao. Aliua watu 5. Baadhi ya waliokuwa pale walikuwa wazee wakienda kupanda meli za matembezi.

Kinachoniumiza zaidi kilitokea miezi miwili kabla. Novemba 2016 mtu huyo alikwenda kwa miguu yake mwenyewe katika ofisi ya FBI huko Anchorage, akaeleza kwamba akili yake inatawaliwa na idara ya ujasusi. Bastola aliiacha garini, pamoja na mtoto wake mchanga. Polisi waliichukua silaha, naye akapelekwa kupimwa akili. Desemba akarudishiwa, kwa kuwa hakuna mahakama iliyokuwa imemtangaza kuwa mgonjwa wa akili, na bila hukumu hiyo sheria haikuwapa nguvu ya kuizuia.

Tafuta aliyekosea. Polisi walifuata sheria. Karani wa kaunta alifuata sheria. Waliopakia mizigo walifuata sheria. Hata muuaji, mpaka alipoingia chooni, alikuwa amefuata sheria ya usafiri. Mwanzoni mwa Misa tunaungama pia kutotimiza wajibu, nasi huwa tunafikiria wajibu ulioandikwa mahali fulani. Hapa ulioandikwa ulitimizwa wote, na mtu aliyekuja kusema kwamba kichwa chake hakiko sawa akakabidhiwa tena bastola.

Sisemi silaha zipigwe marufuku kwenye mizigo. Marufuku hiyo ingemwadhibu mwindaji, na mwenye nia mbaya angeendesha gari. Nasema mambo mawili. La kwanza ni dogo: sanduku la silaha lisiachwe lizunguke kwenye mkanda kama begi la nguo. Litolewe ofisini kwa kuonyesha kitambulisho, na lifungwe kwa namna ambayo halifunguliki kwa haraka. Baada ya mauaji yale lipo shirika la ndege lililoanza kufanya hivyo. Sioni kwa nini isiwe lazima kwa yote.

La pili ni gumu, nalo haliko uwanjani. Lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema "bado" kabla silaha haijarudi mikononi mwa mgonjwa. Florida yenyewe ilipitisha sheria ya namna hiyo Machi 2018, inayomruhusu hakimu kuamuru mtu wa hatari anyang'anywe silaha kwa muda. Ilipitishwa baada ya watu 17 kuuawa katika shule moja ya Parkland, mwendo mfupi tu kutoka uwanja uleule wa ndege. Wale 5 hawakutosha.