Mtoto Mwenye Haya Asipigwe, Asaidiwe



Kila mwaka, shule zikifunguliwa mwezi wa Januari, zahanati yetu hupata wagonjwa wa namna moja. Ni watoto walioanza darasa la kwanza. Mama husema, "Daktari, mtoto huyu tumbo linamsokota kila asubuhi." Nikimpima, hana homa. Haharishi. Nikiuliza zaidi, naambiwa kuwa ikifika saa nne amepona na anacheza. Siku ya Jumamosi tumbo haliumi kabisa.

Mtoto huyo hasemi uongo. Hofu huumiza tumbo kweli. Hata mtu mzima aliyeitwa barazani kujibu mashtaka hukosa hamu ya kula. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Amezoea kukaa na mama na bibi, na kusema Kisukuma au Kiha. Ghafla amewekwa kati ya watoto wengi asiowajua, na mwalimu anasema Kiswahili. Mtoto mchangamfu huzoea upesi. Mtoto mwenye haya huchelewa. Kuchelewa si ujinga, wala si kurogwa. Hahitaji vidonge.

Kwa maoni yangu, mara nyingi hofu hii tumeipanda sisi wakubwa. Mtoto akimwaga maziwa, tunamwambia, "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha!" Tumemfundisha kuwa shule ni mahali pa adhabu. Kwa nini tunashangaa akijificha nyuma ya ghala?

Wazee wengine watanijibu, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo ni ya kweli, nami naikubali. Mtoto lazima aende shule, hata kama analia. Ukimwacha nyumbani leo, kesho hofu itakuwa kubwa zaidi. Lakini kumpeleka akilia ni jambo moja, na kumpiga kwa sababu analia ni jambo jingine. Fimbo haiondoi hofu. Fimbo huongeza hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Basi tufanye nini? Kazi ianze kabla ya siku ya kwanza. Mpitishe mtoto katika njia ya shule. Mwonyeshe darasa, bomba la maji na choo. Mfundishe kusema, "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Watoto wenye haya hubana mkojo mpaka wanajikojolea, kisha wenzao huwacheka. Mtoto aliyechekwa hivyo hataki kurudi tena.

Mtafutie mwenzake wa jirani wa kwenda naye na kukaa naye. Asubuhi mpe uji, kwa maana njaa huzidisha hofu. Mkifika shuleni, usimtoroke. Muage na umwambie nani atamchukua, kisha ondoka. Mliyoahidiana yatimizwe. Jioni usimwulize tu, "Umejifunza nini?" Mwulize amecheza na nani.

Baba naye asiseme kuwa hiyo ni kazi ya mama. Mtoto aliyesindikizwa na baba yake siku ya kwanza hutembea kifua mbele.

Walimu nao tunawaomba. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na watoto wengi wameingia. Tunajua kazi ni nzito. Lakini kumweka mtoto mwenye haya mbele, karibu na rafiki yake, hakugharimu kitu. Asilazimishwe kusimama na kusema mbele ya wote siku ya kwanza.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Si kila mtoto mnyamava ana haya, na si kila tumbo linauma kwa hofu. Mlete mtoto zahanati siku hiyo hiyo akiwa na homa, ili apimwe malaria. Mlete pia kama tumbo linamwamsha usiku, kama anaharisha au anatapika, kama anakonda, au kama mkojo wake una damu.

Chunguza pia masikio na macho. Simama nyuma ya mtoto, umwite kwa sauti ndogo. Hageuki? Huenda hasikii vizuri. Sikio likitoa usaha, usitie mafuta wala maji ya majani. Mlete atibiwe. Angalia kama anasogeza kitu karibu sana na macho ili akione. Mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri hukaa kimya darasani, na watu humwita mjinga. Anaweza kuchapwa mwaka mzima kwa kosa la sikio.

Wazazi wangu, mche wa mhindi ukinyauka hatuupigi fimbo. Tunatazama mizizi, maji na wadudu. Mtoto wako akikataa shule, mtazame kwanza. Mwulize kwa upole na umsikilize. Kisha mshike mkono, umpeleke.